Mwalimu Anahamisha Maktaba

Kwa miaka sita niliishi chini ya miguu ya Mwalimu. Yeye alikuwa ghorofa ya pili, mimi ya kwanza, katika yale majengo ya matofali mekundu ya Toongabbie yaliyo mwendo wa dakika saba kutoka stesheni, na katika miaka hiyo yote sikusikia kiti kikiburutwa juu ya kichwa changu hata siku moja. Alikuwa mtu wa kunyanyua vitu. Kilichosikika kwake ni injini ya lori, Jumamosi asubuhi baada ya kufua, ikinguruma saa mbili tatu bila kuongeza mwendo wala kupunguza.

Sitaandika alizaliwa wapi wala na nani. Hayo hakunieleza, nami si mpekuzi. Alizaliwa lini ni habari nyingine, maana hiyo ndiyo iliyokuja kuleta matata yote, na nitaifikia. Jina lake pia naliacha. Kanisani, kazini, hata kwa yule Mlebanoni wa duka la kona, kila mtu alimwita Mwalimu, ingawa tangu afike Sydney hakuwahi kulipwa kwa kushika chaki. Kazi yake ilikuwa kupanga makatoni katika ghala moja kule Smithfield.

Mara ya kwanza kupanda kwake nilikuwa nampelekea barua iliyotiwa kimakosa kwenye sanduku langu. Alikuwa ameniambia kanisani kwamba ana maktaba, nami nikatazamia rafu za vitabu. Nilikuta meza, kompyuta iliyofunikwa kwa kitambaa cha kufuma kama redio za nyumbani kwetu zamani, na daftari la shule lenye mistari.

"Maktaba ni hii," akasema, akiweka kiganja juu ya kompyuta. "Na hii njo registre," akaongeza, akigonga daftari.

Ndani ya daftari kulikuwa na gemu mia mbili na kumi na mbili, zote alizonunua mtandaoni kwa miaka mingi, kila moja na namba yake, jina lake, siku ilipoingia, na safu ya mwisho iliyoitwa Hali. Kwenye safu hiyo, ukurasa baada ya ukurasa, alikuwa ameandika "nzima".

Nikamuuliza, "Sasa Mwalimu, gemu ya kwenye internet itachakaa aje?"

"Mama Neema," akanijibu, Neema akiwa ni binti yangu, "kitabu yenye haiko mu registre, ikipotea, hakuna mutu atajua kama ilikuwako."

Huko kwao Kivu alikuwa mwalimu wa jiografia na mtunza maktaba ya shule. Vita vilipofika walitoka kwa siku moja, na vitabu vikabaki. Alilisimulia hilo kwa sauti ileile aliyoelezea ratiba ya basi. Alichobaki nacho ni kanuni moja aliyoirudia mara nyingi mpaka ikanichosha: "Kitu yako ni ile unaweza kimbia nayo." Mlangoni kwake, kwenye msumari, palining'inia begi jeusi lenye karatasi zake zote. Kila Desemba alilishusha, akahakikisha zipu inafanya kazi, akalitundika tena. Nilimtania kwamba Toongabbie haijawahi kuvamiwa na mtu. Alikubali kwamba ni kweli, haijawahi.

Nilidhani mtu wa namna hiyo angecheza gemu za vita, kama wacheza gemu wengi ninaowajua. Hakuwa na hata moja. Bunduki alizozisikia zilimtosha, alisema, na hakurudia tena neno hilo. Alipenda gemu za kulima, za kujenga miji, za kupanga reli, na zaidi ya yote ile ya kuendesha lori kubwa kwenye barabara za Ulaya. Hapo ndipo nilipomcheka mpaka nikakaa chini. Mwalimu hakuwa na leseni ya udereva. Alishindwa mtihani mara tatu, akaapa kwamba barabara za Sydney zimeandikwa na mtu mwenye hasira, na tangu siku hiyo akawa mtu wa basi na treni. Lakini ndani ya kompyuta alivuka Ufaransa nzima na mzigo wa mbao, akasimama kwenye kila taa nyekundu, akawasha indiketa katika barabara tupu, akapumzika pale sheria inapomtaka dereva apumzike. Wakati wa kupumzika huko alikuwa anainuka kweli, anachemsha chai, anakunywa amesimama karibu na dirisha, kisha anarudi kwenye usukani.

Kanisani alikuwa mzee wa kanisa, na kila baada ya miezi michache alisimama kuwaonya wazazi kuhusu watoto na skrini. Wakongomani walimsikiliza kwa heshima. Sisi Wakenya tulitazamana. Haohao wazazi aliowaonya ndio aliowaazima gemu. Duka lake la mtandaoni lilimruhusu mteja kushirikisha gemu zake na watu wachache wa nyumba moja, na Mwalimu akazijaza nafasi hizo waimbaji wa kwaya. Nilipomkumbusha sharti hilo la nyumba moja, alisema kanisa ni nyumba moja, na kama duka lina swali limuulize mchungaji. Kila aliyeazima alitia sahihi kwenye daftari na kupewa wiki mbili. Mwimbaji mmoja wa sauti ya tatu alikaa na gemu ya mpira kwa mwezi mzima. Jumapili, wakati wa matangazo, Mwalimu alisimama akasema kwa upole, "Mwenye namba tisini na ine, tunakuomba." Nusu ya kanisa ikafungua kitabu cha nyimbo.

Kila Jumapili baada ya ibada aliwafundisha watoto Kiswahili kwenye chumba cha nyuma. Kiswahili cha Mkongomani kuwafundisha watoto wa Wakenya! Yeye alisema "bitabu" na "batoto", sisi tukasema "ile kitu", na yule Mtanzania mmoja wa kanisa letu alikuwa akitusikiliza sote kwa uso wa mtu anayeumwa jino. Lakini watoto walijifunza, kwa sababu Mwalimu hakuwapigia kelele. Mtoto akimjibu kwa Kiingereza, alisema tu, "Sikusikia," akangoja. Angengoja dakika nzima, mikono mgongoni. Neema wangu, aliyekuwa ananijibu "yes Mum" na "no Mum" tangu alipojua kusema, alishindwa na ngoja ile akaanza kuunga maneno.

Ninamweleza hivi ili ujue kwamba alikuwa mtu wa kubembeleza sheria pale zilipombana na wa kuzishika kwa meno pale zilipompendeza, na ilikuwa vigumu kutabiri ni lini atafanya lipi.

Alikuwa na binti mmoja aliyemlea peke yake. Binti huyo ndiye aliyemwingiza kwenye gemu, mwaka wao wa kwanza Sydney, akiwa bado sekondari. Mwalimu alikuwa akizunguka nyumba siku zake za mapumziko, akifungua na kufunga kabati, mpaka binti akachoka, akamwekea kompyuta mbele na kumfungulia akaunti kwenye duka la gemu. Fomu ikauliza tarehe ya kuzaliwa.

Hapa ndipo lazima nieleze habari ya keki.

Kanisani kwetu, ibada ya mwaka mpya huisha kwa keki, nayo ni keki ya kuzaliwa. Husimama kuizunguka watu kumi, kumi na mmoja, wote Wakongomani na Warundi, wote wamezaliwa tarehe moja Januari kwa mujibu wa vitambulisho vyao. Waliopita kambi za wakimbizi hawahitaji kuelezwa. Afisa anauliza umezaliwa lini, cheti huna, basi anakisia mwaka na kuandika siku ya kwanza. Wengine hawakuwa na tarehe, kwa hiyo hawakupoteza kitu. Huimbiwa, hucheka, hupigwa picha. Mwalimu, ambaye kitambulisho chake kilisema vilevile, hakuinuka hata mwaka mmoja. Nilimsogelea na sahani ya plastiki nikamuuliza mbona hajumuiki na wenzake.

"Miye si wa siku ile," akasema.

Yeye alikuwa na tarehe yake. Mama yake hakujua kusoma, lakini alimwomba katekista aiandike, na akamfundisha mtoto kuikariri kabla hajafundishwa kuhesabu. Kambini alimweleza afisa. Afisa akataka cheti. Mwalimu akabishana, mara ya kwanza, mara ya pili, halafu akanyamaza.

"Foleni ilikuwa murefu," aliniambia. "Na mutoto alikuwa na homa, nilikuwa nimemubeba mu mugongo. Nikasema, andika chenye unataka."

Kwa hiyo tarehe moja Januari ikamfuata kwenye kila karatasi: viza, hospitali, benki, ghala la Smithfield. Mpaka siku ile binti yake, mikono kwenye kibodi, alipomuuliza, "Papa, date of birth?" Mwalimu akaitaja ile ya mama yake. Binti alikuwa hajawahi kuisikia. Akageuka. "That's not what's on your card, Papa."

"Ile ni ya karatasi," Mwalimu akamwambia. "Andika hii. Njo ya kweli."

Naye akaiandika. Duka la gemu likawa mahali pekee Australia nzima palipoijua siku aliyozaliwa Mwalimu. Kwa mwanamke kama mimi, ambaye cheti chake cha kuzaliwa kiko kwenye faili tangu Nyeri, hilo lilikuwa jambo dogo la kuchekesha, nami nilicheka. Yeye hakucheka.

Binti alikua, akasomea uhandisi, akapata kazi Perth, na huko akaolewa kwa msajili wa ndoa bila kumwambia baba yake. Mwalimu aliiona ndoa kwenye simu ya mtu mwingine, kanisani, picha ya binti yake ameshika maua. Hakupiga simu. Binti naye hakupiga. Kila mmoja alikuwa anangoja mwenzake aanze, na wote wawili walikuwa wametoka nyumba moja, kwa hiyo walijua kungoja.

Halafu Jumamosi moja, saa nane mchana, Mwalimu alikuwa ndani ya namba mia moja thelathini na moja, gemu ya kujenga mji mdogo kando ya mto, akipanda maharage. Pale langoni akatokea mtu mdogo mwenye koti la njano. Jina la binti yake likaandikwa juu ya kichwa. Alikuwa bado kwenye orodha ya marafiki tangu alipofungua ile akaunti. Koti la njano likatembea mpaka mtoni, likaanza kujenga daraja.

Tangu siku hiyo walikutana humo kila Jumamosi saa nane, ambayo Perth ni saa sita. Mji ulikuwa wa Mwalimu, ulihifadhiwa na duka chini ya akaunti yake, na lango lilifunguka pale tu yeye alipoingia. Hawakuzungumza. Waliandikiana vibao. Binti aliandika kwa Kiingereza: "Bridge needs wood." Baba aliandika kwa Kiswahili: "Mbao zimefika." Mwalimu alinionyesha mji huo mara moja tu. Ulikuwa na shule, zahanati, soko na nyumba nyingi zenye mapaa mekundu, na vibao hivyo vya mbao na daraja kila mahali, na hakuna hata kimoja kilichosema habari yako.

Sasa, Mwalimu alikuwa na tabia ya kusoma masharti. Yale maandishi madogo ambayo wewe na mimi tunabonyeza "nakubali" bila kuangalia, yeye aliyasoma na kamusi. Mwaka wetu wa sita kama majirani duka lake lilibadilisha masharti, naye akayasoma kwa siku nne, kisha akashuka kwangu amebeba daftari.

"Mama Neema, nimekuwa mupangaji!"

Alikuwa amegundua kwamba gemu zile mia mbili na kumi na mbili hazikuwa zake. Alichonunua ni ruhusa ya kuzitumia, na ruhusa hiyo duka lingeweza kuiondoa siku yoyote. Nilimwambia kila mtu anajua hivyo. Akaniuliza kama mimi nilijua. Sikujua.

Kuanzia hapo lile duka akaliita Mwenye-Nyumba. Kulikuwa na duka jingine, mpinzani wake, alilolipa jina la Muuzaji, kwa sababu hilo ukinunua gemu linakupa faili lenyewe, unalipakua, unaliweka kwenye diski, na diski unaiweka begini. Hata duka likifa, gemu unayo. Kitu cha kukimbia nacho. Na mwezi ule Muuzaji alikuwa na ofa ya kuwavuta wateja: ukiunganisha akaunti yako ya kwa Mwenye-Nyumba, gemu zile ambazo watengenezaji wake wamekubali zitaonekana kwa Muuzaji, bila kuzinunua tena. Baada ya miezi miwili dirisha la ofa linafungwa.

Mwalimu alihubiri habari hiyo kama mtu aliyeona mafuriko yakija. Aliwaambia kwaya, aliwaambia wenzake wa ghalani, alimwambia Mlebanoni ambaye hakuwa na gemu hata moja. Alipitia daftari kwa kalamu nyekundu akitia alama kwenye zitakazohama. Zilikuwa mia moja na arobaini. Namba mia moja thelathini na moja haikuwamo, watengenezaji wake walikataa. Hilo halikumsumbua. Angehamisha maktaba, alisema, na Jumamosi angekuwa anarudi kwa Mwenye-Nyumba kutembelea mji.

Jumapili moja mchana, namsuka Neema nywele sebuleni, Mwalimu akabisha hodi na kompyuta ndani ya mfuko wa plastiki. Aliiweka mezani akaifungua bila salamu, na hapo nikajua kuna jambo. Alipojaribu kuunganisha akaunti mbili, Mwenye-Nyumba alitaka kuhakikisha ni yeye, akaomba picha ya kitambulisho. Mwalimu akatuma. Jibu likaja kwamba tarehe ya kuzaliwa kwenye kitambulisho na ile ya kwenye akaunti hazifanani. Akaunti imefungwa. Ana siku thelathini za kuthibitisha, ama sivyo itafutwa na vyote vilivyomo.

"Mpaka ule mji?" nikamuuliza.

"Mpaka mugi."

Tuliandika barua pepe pamoja, mimi nikiandika Kiingereza, yeye akisimama nyuma yangu. Tulieleza kambi, afisa, cheti, yote. Tuliandika vizuri, najivunia ile barua. Siku mbili baadaye walijibu kwa adabu kwamba wanashukuru kwa maelezo, na kwamba ili kufungua akaunti mteja anapaswa tu kutia alama kwenye kisanduku kando ya sentensi moja. Nilimsomea: tarehe niliyotoa awali haikuwa sahihi, tarehe yangu sahihi ya kuzaliwa ni ile iliyo kwenye kitambulisho changu.

"Basi iko sawa," nikasema. "Tick tu, Mwalimu. Sekunde moja, umemaliza."

"Inasema ya kwanza haikuwa ya kweli."

"Si wewe unajua ni ya kweli? Waachie hao waamini yao. Ni form tu."

"Miye nilimwambia mutoto, andika hii, njo ya kweli. Sasa niseme kama nilimudanganya?"

Neema, kichwa nusu kimesukwa, akasema bila kuinua macho kwenye simu yake, "Just tick it, Uncle."

"Sikusikia."

Neema akashusha pumzi. "Weka tick tu, Uncle."

"Nimesikia," akasema Mwalimu. "Hapana."

Akafunga kompyuta, akairudisha mfukoni, akapanda ngazi.

Nakiri nilikasirika. Huyu ni mtu aliyeihesabu kwaya kuwa watu wa nyumbani kwake ili aazimishe gemu ya mpira, na sasa dhamiri imemshika kwa kisanduku. Mji mzima, na mtoto ndani yake, kwa kisanduku! Nilimfuata kesho yake nikamwambia angalau ampigie binti simu, amweleze kwa nini Jumamosi lango halifunguki. Aliniambia mtoto ndiye anayepiga kwa mzazi. Nikamwambia hicho ni kiburi. Akasema ndiyo, ni kiburi, na akaniuliza kama nitakunywa chai.

Jumamosi mbili zikapita na juu kukawa kimya. Hata lori halikunguruma, maana nalo lilikuwa limefungiwa humohumo. Saa nane ilipofika nilimsikia akitembea kutoka mezani mpaka dirishani na kurudi. Kwa miaka sita sikuwahi kusikia miguu yake.

Kabla siku thelathini hazijaisha nilihama. Nilikuwa nimepata kazi kwenye nyumba ya wazee huko Bankstown, na safari ya kila siku kutoka Toongabbie ingenimaliza. Mwalimu alikuja kubeba makatoni yangu, akayapanga kwenye gari la kuhamia kwa ufundi wa ghala, mazito chini, vya kuvunjika kando, na hatukuzungumza habari ya akaunti. Niliogopa kuuliza. Baadaye kanisa nalo likawa mbali, nikatafuta jingine, ikawa ndiyo hivyo.

Ilipita zaidi ya mwaka mmoja. Mwezi wa sita, Jumamosi karibu saa tano, nilikuwa nakatiza kati ya maduka ya Bankstown kuelekea stesheni, upepo unauma, nikamwona mbele yangu amesimama nje ya duka la mikate, koti lake lilelile la ghalani, begi jeusi begani, na mikononi sanduku jeupe la keki ambalo alilishika kwa mikono miwili mbele ya kifua.

"Mwalimu!"

"Mama Neema! Neema anaendelea na Kiswahili?"

"Anajaribu."

"Usimujibu kwa Kiingereza," akasema. "Ungoje."

Alikuwa na haraka. Aliniambia duka hilo lilisifiwa na mtu wa ghalani, ndiyo maana ametoka Toongabbie kote huko, na lazima awe nyumbani kabla ya saa nane. Niliposikia saa nane nikajua sehemu ya jibu. Nikamuuliza kama alihamisha maktaba yake.

"Bitabu byote bilihama," akasema, akigusa begi kwa kiwiko. "Mia moja makumi ine, biko humu mu disque. Miye nilibaki kwa Mwenye-Nyumba."

"Kwa hiyo ulitia ile alama."

"Siku ya makumi tatu." Alitazama sanduku. "Nilisema uongo, Mama Neema. Niliandika kama ile ya mama yangu haikuwa ya kweli. Sasa hakuna tena karatasi mu hii inchi yenye inaijua."

Nikamuuliza habari za mji. Akaniambia kwamba Jumamosi iliyofuata, alipofungua lango, koti la njano lilitokea kabla hajavuka daraja. Binti alikuwa akija kila Jumamosi saa sita yao, analikuta limefungwa, anangoja saa nzima, anaondoka. Alikimbia mpaka uwanja wa shule akaweka kibao. Mwalimu alikikariri kwa ajili yangu, polepole, pamoja na makosa yake yote: "Papa ulikuwa wapi mimi naliogopa sana." Kwa Kiswahili. Naye, kwenye kibao cha pili, akamweleza kila kitu: kisanduku, sentensi, na tarehe aliyoikana.

"Akasema nini?"

"Hakusema kitu siku ile. Simu ililia kesho yake."

Nikamuuliza keki ni ya nani. Akasema binti yake amemwagiza aitafute, naye atanunua yake huko Perth, na saa nane, yaani saa sita ya kule, kila mmoja atakata ya kwake.

Tulikuwa tumetembea pamoja mpaka stesheni, na treni yake ikatangazwa. Akanipa sanduku nimshikie ili atoe kadi ya nauli mfukoni, na kifuniko kilikuwa na dirisha la plastiki, kwa hiyo nikaona. Ilikuwa keki ndogo nyeupe. Haikuwa na jina lolote juu yake. Ilikuwa na tarehe, siku na mwezi, kwa sukari ya buluu, na ilikuwa tarehe ya siku ileile tuliyosimama pale. Sitaitaja hapa. Alipokea sanduku lake, akagusisha kadi kwenye mashine kwa shida, akapita, na akashuka ngazi akiwa amelinyanyua juu ya vichwa vya watu ili lisiguswe.